Nduthi Ikiwaka Vile Inataka

Nduthi yenye imededi kabisa haisumbui kichwa. Unaisukuma hadi kwa mecho, anacheki kenye kimechomeka, anabadilisha, unaingia job. Noma ni ile inawaka asubuhi mara moja, saa nne inakukatalia stage, ukiifikisha kwa mecho inawaka tena fiti. Hapo ndio kubahatisha huanza. Betri mpya. CDI mpya. Rilei mpya. Ng'iri zinatoka kwa mfuko, na wiki haijaisha inakuzimia tena Outering, kasto akiwa nyuma na mvua inanyesha.

Hii kitu inaniuma juu wasee wengi hapa Kanairo wako na nduthi ya loni. Doo ya kila siku hailali ati juu nduthi imelala. So kabla mtu akuuzie spea, skia hii: shida ya stima yenye inakuja na kuenda, mara mob spea haijakufa. Ni njia ya moto ndio mbovu. Athi imelegea, koneketa imeshika kutu, swichi imejaa uchafu, ama waya imekatikia ndani ya ganda. Kutengeneza hizo ni kazi ya spana, msasa na macho.

Anza na maskio. Finya stata uskie. Ikilia tik tik tik haraka haraka, moto wa kuzungusha stata haufiki wa kutosha: betri iko chini ama mahali waya zinafungwa pamelegea. Ikilia tak moja halafu kimya, cheki rilei, waya nene za stata, na brashi za ndani ya stata. Kama hakuna sauti yoyote, usikimbilie betri. Cheki fiuzi, ile swichi nyekundu ya kuzima injini, kitufe chenyewe cha stata, halafu swichi ndogo iko kwa klachi. Kwa nduthi mob, bila klachi ama nyutro stata haipati ruhusa. Shika klachi, ichezeshe ukiwa umefinya stata. Ikishika hapo katikati, umepata mwizi.

Wasee hudanganywa sana na taa. "Lakini taa inawaka, betri iko sawa!" Zii. Taa ya dashi inakula moto kidogo sana, haifiki hata ampea moja. Stata inataka makumi ya ampea kwa mpigo. Waya yenye imebaki na nyuzi chache itawasha dashi yote safi, alafu ikiambiwa ibebe stata inasalimu amri. Ndio maana ni poa kuwa na mita. Base yenu mkichanga, moja inawatosha wote.

Weka mita kwa betri nduthi ikiwa imepumzika. Volti 12.6 kuenda juu, betri imejaa. Ikishuka chini ya 12, hiyo ni njaa. Finya stata ukiangalia: ikianguka chini ya 10, betri imechoka ama haijachajiwa. Washa injini, pandisha resi kiasi. Inafaa usome kati ya 13.5 na 14.5. Ikikwama kwa 12 na kitu, chaji hairudi, so ata ukinunua betri mpya itamangwa vilevile. Cheki regiuleta na koili za chaji. Ikipita 15, regiuleta imewacha kazi na inachemsha betri.

Sasa kuna tesiti moja yenye mamecho wengi huruka, na mi naona ndio ya maana kuliko zote. Chukua mita, waya moja kwa negativu ya betri, ingine kwa chuma ya injini, mahali hakuna rangi. Finya stata. Ikisoma karibu na sufuri, athi iko poa. Ikipita nusu volti, moto unapotelea njiani. Fungua hiyo bolti ya athi. Mara mob utapata chini ya ringi kuna rangi, matope na kutu. Piga msasa hadi chuma ing'are, kaza, paka grisi juu.

Halafu shika usukani, injini ikiwa inanguruma, ugeuze kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Dashi ikizima ama injini ikikohoa, shida iko shingoni. Hapo waya hukunjwa kila kona unakata, mwaka baada ya mwaka. Ganda ya nje inabaki fiti na kopa ya ndani imekatika. Vuta waya moja moja polepole: yenye imekatika inanyooka ni kama mpira. Hii huwezi ona na macho, lazima uishike.

Pia toa ile tepu nyeusi imefungwa kwa waya. Nduthi za mtaa zimeongezwa vitu: alamu, taa za LED, chaja ya simu, honi kubwa, redio. Kila moja imeunganishwa na waya wa kusokotwa na vidole. Nimecheki moja ikifunguliwa base, tepu imejaa maji, chini yake kopa imegeuka kijani na ikishikwa inavunjika unga. Hiyo ndio ilikuwa laini ya kuwashia. Walikata hadi kopa safi, wakachomelea na risasi, wakafunika vizuri. CDI hawakuigusa. Kama ni traka ya wenye loni, usiikate. Ita wenye waliiweka wairekebishe.

Kuna ile ingine: stata inazunguka fiti lakini injini haishiki, na hukataa ikiwa moto tu. Ukingoja ipoe, inawaka. Koili ya plagi ama ile koili ndogo ya kutuma ishara kwa CDI hufanya hivyo, nyuzi zake zikipanuka na joto zinaachana. Kuitesti kama imepoa ni kupoteza time. Chukua plagi ingine safi, ichomeke kwa kofia ya plagi, ilaze kwa chuma ya injini mbali na mafuta, usiishike na mkono, piga kiki hapo hapo ikiwa imekataa. Hakuna cheche? Sasa uko na ushahidi.

Na kama nduthi husumbua ikitoka kuoshwa, mashine ya presha inasukuma maji hadi ndani ya makoneketa na chini ya kofia ya plagi. Mwambie msee wa kuosha asielekeze hapo. Na tukiwa kwa maji, betri ya maji iongezwe maji ya betri, si ya mfereji, na si asidi. Na usiwahi toa betri injini ikiwa inawaka. Volti inaruka na inaweza choma CDI ikiwa nzima.

Mecho akikuambia uende Kirinyaga Road ununue kitu, mwambie kwanza akuonyeshe kwa mita. Mecho mzuri hakasiriki. Atainama, aweke waya mbili, akusomee namba, na hapo ndio mtaongea bei.