Alizeti ya Shada Syokimau (2): Mbegu, Tarehe na Mkasi

Juma lililopita tuliacha robo eka yetu ya Syokimau ikiwa tayari, udongo mweusi umeinuliwa matuta ili maji yasituame mizizini. Sasa tuje kwenye mbegu. Hapa wengi hupotea, maana alizeti wanayoijua ni ile ya mafuta, ya Singida na Dodoma, inayosubiriwa hadi kichwa kiiname na mbegu zikauke. Ya shada hukatwa kabla haijafunguka sawasawa.

Wauza maua hupendelea chotara zisizotoa chavua, kama ProCut na Sunrich, kwa sababu chavua humwagika kama unga wa manjano kwenye kitambaa cha meza. Lakini usinunue mbegu kwa uzuri wa picha ya pakiti. Aina kadhaa za alizeti huongozwa na urefu wa mchana. Ulaya hupandwa majira ya joto, mchana ukipita saa 15. Sisi wa karibu na Ikweta tuna takriban saa 12 mwaka mzima. Hapa kwetu aina hizo huwahi kuchanua zikiwa bado fupi, tena zimejaa vitumba vya pembeni, na bua fupi halina mnunuzi. Muulize muuzaji aina isiyojali urefu wa mchana. ProCut inasifika kwa hilo, na huchanua kwa siku 50 hadi 60 hivi. Kwangu mimi swali hili latangulia hata mbolea.

Kila mche wa chotara hizi hutoa ua moja, basi. Ukipanda shamba lote siku moja, utakuwa na maua tele juma moja na majuma mengine mikono mitupu. Familia yenye eneo dogo ipande tuta moja moja, kila baada ya siku 10 hadi 14, miche ikiachana sentimita 15. Ukiiachanisha zaidi utapata vichwa vikubwa kama sinia, vya kupigia picha tu.

Siku ya Wapendanao waachieni wenye waridi wa Athi River. Alizeti ilenge Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei: mbegu ziingie ardhini katikati ya Machi, na mipira ya matone iwe tayari, kwani Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni za Oktoba hadi Desemba.

Kukata ni kazi ya alfajiri, bua likiwa limejaa maji. Ingia shambani kutoka upande wa mashariki. Saa hiyo vichwa vyote vimeelekea huko, nawe utavikagua bila kuvigusa. Kata ua ambalo petali zake zimeanza kuinuka kutoka kwenye kitovu. Ondoa majani, bakiza mawili au matatu ya juu, kisha tumbukiza bua mara moja kwenye ndoo safi ya maji. Likikatwa adhuhuri, shingo hulegea kabla ya kufika City Market, mtaa wa Muindi Mbingu. Bei za huko, na ndege waharibifu, ni za juma lijalo.