Gonga Ekzosi Kabla ya Kushika Msasa

Chini ya mti, kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Mtinko, nilimkuta kijana ameinamia Boxer yake na kopo la rangi ya silva. Ekzosi ilikuwa imeiva kwa kutu, naye anapaka juu kwa juu. "Shikamoo fundi. Si inapendeza?"

Nikachukua spana namba 10, nikaanza kuigonga ekzosi kutoka kwenye injini kwenda nyuma. Mbele ililia ngi, ngi. Nilipofika chini ya silensa ikalia pwa. Nikarudia, taratibu tu, spana ikazama.

"Marahaba. Inapendeza," nikamwambia, "ila hapa umepaka rangi hewa."

Kutu ya nje huonekana, ya ndani ndiyo inayotoboa. Petroli ikiungua hutoa maji, na si haba: lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Injini ikishapata moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Lakini pikipiki inayowashwa, ikamsogeza mama hadi sokoni, ikazimwa, bomba lake halipati moto wa kujikausha. Mvuke hugeuka matone, hubeba tindikali kidogo ya moshi na kutuama chini. Ndiyo maana anayekwenda Singida mjini kwa njia ya Ilongero na kurudi anaweza kudumu na ekzosi yake kuliko anayezunguka kijijini kutwa. Silensa nyingi zina kitundu kidogo kwa chini, kimewekwa makusudi kumwaga maji hayo. Wapo mafundi wakikiona hukichomelea wakidhani ni kutu imetoboa. Kiacheni.

Zile Yamaha DT ndefu za mabwana shamba wa zamani zina nafuu upande huu, kwa sababu oili huungua pamoja na petroli na kuacha utando ndani ya bomba. Zenyewe husumbuliwa zaidi na masizi.

Tuseme ekzosi imelia vizuri kote. Subiri ipoe kabisa, ondoa tope kwa maji na sabuni, kisha itazame: ni ya kromu au ya rangi? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kromu ni ngozi nyembamba mno, msasa ukipita mara mbili umeimaliza. Chukua karatasi ya foili, ile ya kufungia chipsi, ifinyange, ichovye kwenye maji, usugue. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikwaruzi, lakini kutu inaing'oa. Vidoa vyeusi vitakavyobaki ni mahali ambapo kromu imekwisha, hairudi.

Bomba la rangi ni kazi ya mkono. Brashi ya waya kwanza, halafu msasa mkavu wa namba 80, umalizie na 240, huku umefunga kitambaa puani. Kwenye kona ambazo brashi haiingii, zungushia tambara lililolowa siki, uliache saa mbili tatu. Ukwaju mzito nao unafaa, na Singida hatuna shida ya ukwaju. Tindikali hiyo hulainisha kutu bila kuharakisha kula chuma chenyewe. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya mche, maana ni ya magadi na huua ukali uliobaki. Magadi ya jiwe ya kupikia maharage usiyatumie: mara nyingi yana chumvi, na chumvi huita kutu upya.

Maji ya betri yaache kabisa. Nimeona watu wakiyatumia kwa sababu "yanafanya kazi haraka". Ni kweli, yanakula kutu, yanakula chuma, na tone moja likirukia jicho hutarudi kuuliza bei ya ekzosi.

Chuma kikibaki cheupe, kipake rangi siku hiyohiyo. Kikilala na umande, asubuhi utakikuta cha njano. Rangi ya silva ya milangoni haifai, maana bomba karibu na injini hupita nyuzi joto 300 na rangi hiyo hubabuka. Tafuta kopo lililoandikwa nyuzi 600 au zaidi. Pulizia tabaka jembamba mara mbili au tatu, iache ikauke. Kisha washa injini dakika kumi, zima, ipoe, washa tena ishirini. Rangi ya joto hukomaa kwa joto, na safari ya kwanza isiwe ya kupita kwenye korongo lenye maji.

Mafuta ya alizeti? Huulizwa sana huku kwetu. Kwenye bomba la moto yataungua na kunuka chapati. Yapake kwenye nati na spoki.

Yule kijana tulimkatia kipande kilichooza, tukachomelea bati jipya. Kitundu cha maji tulikitoboa upya kwa msumari, naye akaniuliza mara mbili kama nina hakika.