Bendi ya Uongo Iliyorudi Kweli

Hadithi, hadithi?

"Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Vizuri sana, wapwa zangu. Mmeuita uongo, na uongo umefika. Unaitwa Spinal Tap. Ni bendi ya Waingereza wenye nywele ndefu na suruali za kubana, wanapiga muziki wa hevi metali. Mimi nitasimulia. Ninyi kazi yenu ni kuniuliza kila mara: hiyo kweli, Mjomba, au hiyo uongo?

"Kwanza, Mjomba, hevi metali ni nini?"

Hongera kwa kuanzia hapo! Mnajua sabufa ya nyumbani inavyolia mtu akiizungusha sauti mpaka mwisho. Inakoroma. Inakwaruza. Mama anapaza sauti kutoka jikoni: punguza hiyo! Basi sikilizeni. Amplifaya ni chungu, na sauti ni uji. Chungu kina ukubwa wake. Ukimimina uji kupita ukingo, unafurika. Ile sauti ya kukwaruza ndiyo uji uliofurika. Sisi tukiisikia tunapunguza haraka. Wapiga magitaa wa hevi metali waliisikia wakaipenda, wakaiacha ifurike makusudi. Miongoni mwa walioanza ni Black Sabbath wa Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Muziki ukakua. Na wanamuziki nao wakakua, tena wakajikuza. Moshi jukwaani, nguo za ngozi nyeusi mwilini, mafuvu, minara, majoka. Mtu akijikuza namna hiyo, anahitaji nini?

"Mtani!"

Eee! Mtoto wa Singida huyo! Njia ya zamani ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi ilipita huku kwetu, upande wa Manyoni. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika pwani, wakaingia utani na Wazaramo, na utani huo upo mpaka leo. Mmeona msibani mtani anavyofanya. Anamwiga marehemu anavyotembea, anavyokohoa, anavyodai deni lake. Waombolezaji wanacheka huku machozi yanawatoka. Hawezi kumwiga mtu asiyemjua. Lazima awe amemtazama kwa miaka, na amempenda.

Waigizaji watatu wa Marekani waliwafanyia wanamuziki wa hevi metali utani wa namna hiyo. Christopher Guest akajiita Nigel Tufnel. Michael McKean akajiita David St. Hubbins. Harry Shearer akajiita Derek Smalls. Mwaka 1984 ikatoka filamu yao, This Is Spinal Tap, iliyoongozwa na Rob Reiner. Ilitengenezwa kama habari ya bendi halisi iliyo safarini.

"Bendi hiyo kweli, Mjomba?"

Hiyo uongo. Lakini nyimbo walitunga wenyewe, magitaa wakapiga wenyewe, wakaimba wenyewe. Hiyo kweli. Na waliigiza vizuri mno hata baadhi ya watazamaji wakamuuliza Reiner kwa nini alipoteza muda kurekodi bendi isiyojulikana.

Sasa nyamazeni kidogo, kuna mtu anataka kusema. Ni amplifaya ya Nigel.

"Mimi naitwa amplifaya. Wenzangu namba zao zinaishia 10. Zangu zinafika 11. Nigel ananionea fahari. Siku moja alinionyesha kwa mtu aliyekuja kuwarekodi kwa kamera. Mwenye kamera akauliza: kwa nini 10 yenyewe isiwe ndiyo sauti kubwa kuliko zote? Nigel akanyamaza. Akawaza. Kisha akarudia kwamba mimi nafika 11. Watoto, niwaambie siri. Namba ni rangi tu iliyochorwa usoni mwangu. Nguvu yangu iko ndani, kwenye nyaya. Lakini msimwambie Nigel."

"Hiyo uongo, Mjomba! Amplifaya haifiki 11!"

Subiri. Mwaka 1990 kampuni ya Marshall, inayotengeneza amplifaya halisi kwa wanamuziki halisi, ilitoa moja yenye namba mpaka 20. Na aliyeitangaza ni nani? Nigel wa uongo. Hiyo kweli.

Halafu kuna kisa cha jiwe. Hiki nakipenda kuliko vyote, na watoto wa Singida mtakielewa upesi kuliko watoto wengi duniani. Ninyi mmezaliwa katikati ya mawe. Mnaujua ule mwamba unaosimama juu ya mwenzake kando ya Ziwa Singidani, mtu mzima akiegemea chini yake anaonekana mdogo kama kuku. Uingereza nako kuna mawe makubwa, yanaitwa Stonehenge, yalisimamishwa na watu maelfu ya miaka iliyopita. Bendi ina wimbo juu ya mawe hayo. Nigel akataka jiwe la kuigiza lishuke jukwaani, refu, la kutisha. Akachora mchoro kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuandika vipimo. Alitaka futi 18, yaani zaidi ya mita 5. Akaandika inchi 18.

"Inchi 18 ni ngapi, Mjomba?"

Kama sentimita 46. Simama, mpwa wangu. Juu ya goti lako, hapo, basi. Fundi akatengeneza kama alivyoandikiwa. Usiku wa onyesho moshi ukatanda, magitaa yakanguruma, Nigel akasimulia habari za wazee wa kale kwa sauti nzito. Na jiwe likashuka polepole kwa kamba. Dogo! Wakaja wacheza ngoma wafupi kulizunguka, na bado wao walikuwa warefu kuliko jiwe.

Chekeni, chekeni. Mimi pia nacheka. Lakini tazameni uso wa mwimbaji David wakati jiwe linashuka. Amelitazama, ameelewa, na wimbo bado haujaisha. Hawezi kuacha kuimba. Wanamuziki wengi wa kweli walipoona pale walijiona wao wenyewe, kwa sababu kila bendi imewahi kupata usiku wa namna hiyo.

Filamu haikuvuma sana kwenye majumba ya sinema. Iliendelea kutembea kwenye kanda za video, nyumba kwa nyumba. Waigizaji wakaenda kazi nyingine. Harry Shearer, kwa mfano, alikwenda kutoa sauti katika katuni ya The Simpsons.

Kisha wakarudi. Katika kisa chao, walikutana tena kwenye mazishi ya meneja wao.

"Mazishi hayo kweli?"

Hayo uongo. Ila albamu ya kurudi ilikuwa kweli. Ilitoka mwaka 1992 na jina lake ni Break Like the Wind. Ilibidi kwanza watafute mpiga ngoma, maana katika kisa chao wapiga ngoma hawakai. Mmoja alifariki katika ajali ya bustanini isiyoeleweka. Mwingine aliwaka moto jukwaani, likabaki doa la kijani juu ya kiti. Basi wakatangaza majaribio. Mick Fleetwood, mpiga ngoma wa kweli wa bendi ya Fleetwood Mac, mtu maarufu kabisa, akaja kujaribiwa. Alivaa nguo za kuzuia moto.

Aliuelewa utani, akaujibu kwa utani. Hapo ndipo moyo wangu ulipo katika hadithi hii yote. Wale waliochekwa wakaja kukaa na waliowacheka. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, Slash wa bendi ya Guns N' Roses alipiga gitaa. Jeff Beck alipiga gitaa. Joe Satriani na Steve Lukather walipiga pia. Cher akaimba katika wimbo mwingine. Hawa ni mafundi wakubwa. Wasingekuja kumpigia gitaa mtu anayewadharau.

Mwaka huo huo bendi ikapiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London. Wakarudi tena mwaka 2009 na albamu Back from the Dead. Wakarudi tena mwaka 2025, sasa wazee wenye mvi, na filamu ya pili pamoja na albamu ya The End Continues. Safari hii wimbo wa yale mawe waliuimba na mwimbaji Elton John.

Na kuna wimbo mdogo unaitwa Cups and Cakes, ambao waliutunga zamani kuwaiga vijana wa Uingereza walioimba miaka ya 1960 wakiwa na suti nadhifu na sauti laini. Miaka hiyo Paul McCartney alikuwa na bendi ya The Beatles, akivaa suti hizo na kuimba hivyo.

"Mjomba, alipousikia hakukasirika?"

Hakukasirika, mpwa wangu. Aliuimba pamoja nao, na sauti yake imo kwenye albamu ya mwaka 2025.