Ulimi wa Kupachika katika Mkono wa Ngazi

Kila mwanafunzi wa useremala ajua maana ya ulimi: ni ncha ya mti iliyopunguzwa unene ili iingie katika tundu la mti wa pili. Mlango una ndimi zake, na meza pia, na kiti. Lakini uko ulimi wa namna nyingine, usiotoka katika mti wowote wa ile miwili inayoungwa. Hukatwa peke yake. Kila mti hutobolewa tundu lake, kisha ulimi hutiwa katikati, nusu huku na nusu huku. Sisi shuleni twauita ulimi wa kupachika, kwa kuwa mafundi wengine husema "kipande" tu, na neno hilo halimfundishi mtoto kitu. Mwenye jina lililo bora na atuletee.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1982 ilionekana merikebu iliyozama katika pwani ya kusini ya Uturuki mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo, na mbao zake zilikuwa zimeungwa kwa ndimi za namna hii, zikakazwa kwa vijiti. Wazee wetu wa pwani walishika njia nyingine: mbao za mtepe walizishona kwa kamba ya makumbi ya nazi.

Mkono wa ngazi, yaani ule mti mrefu wa kushikia, hauna budi kuungwa, maana mbao hazitoshi urefu, tena ngazi hugeuka. Hapo vyaungwa vichwa viwili vya mti, na hiyo ndiyo shida. Kichwa cha mti ni kama mganda wa mabua uliokatwa: chanywa gundi yote, hata usoni haibaki ya kushika. Na msumari uliopigwa kichwani huingia sambamba na nyuzi, nao hutoka upesi. Katika nyumba moja tuliyokaa zamani kiungo kilikuwa cha gundi na misumari miwili. Mama mmoja mzee aliuegemea mkono akishuka, kiungo kikaachana, naye akaanguka vidato vinne. Tangu siku hiyo hatupiti ngazi bila kutazama viungo vyake.

Ulimi wa kupachika huponya shida hiyo kwa sababu gundi hushika ubavu kwa ubavu, si kichwa kwa kichwa. Basi nyuzi za ulimi lazima zifuate urefu wake, zivuke kiungo; zikikingama, ulimi utavunjika kama biskuti. Mti wake uwe mgumu na mkavu kabisa. Kwa mkono wenye upana na kimo cha sentimeta 6, twakata ulimi wenye unene wa sentimeta 1.5, upana 3, na urefu 10. Kila tundu huwa na kina cha sentimeta 5 na milimeta 2 au 3 zaidi, ili gundi ipate mahali pa kukaa. Tena ubavuni mwa ulimi hupigwa mfuo mwembamba wa kutolea hewa. Pasipo huo, gundi iliyofungiwa yaweza kuusukuma nje au kuupasua mti.

Matundu huanzwa kwa keekee na kusafishwa kwa juba. Alama zote mbili zipimwe kutoka uso wa juu, kamwe si mmoja kutoka juu na wa pili kutoka chini, kwa maana mbao mbili hazilingani kimo hata zikitoka katika gogo moja.

Penye pembe pataka akili zaidi. Ngazi yenye mwinamo wa digrii 36 ikifika sakafu ya juu, kila kichwa hukatwa hanamu ya digrii 18, na tundu hutobolewa wima juu ya uso uliokatwa. Lakini tundu hilo halifuati tena urefu wa mti. Lakwenda likikaribia mgongo wa mkono. Kwa kina cha sentimeta 5 hupanda kama sentimeta 1.5. Wanafunzi wetu walisahau hesabu hii: walipopiga randa kuuviringa mgongo, ulimi ukachungulia nje, na kazi ya juma zima ikawa kuni. Sasa hapo twaulaza ulimi bapa, tena twaufupisha, sentimeta 3 kila upande, nao hupanda sentimeta 1 tu.

Kabla ya gundi, kiungo kijaribiwe kikavu. Kukibana ni taabu, kwa kuwa jiliwa haifiki ncha hata ncha; mafundi hugandisha vibao viwili ubavuni karibu na kiungo, wakavivuta pamoja, kisha huvibandua. Na mkono uachwe mnene kidogo mpaka gundi ikauke kabisa; ndipo randa ipite juu ya vipande vyote viwili kwa mara moja, hata kidole kisijue kiungo kilipo.