Aliyefunga Uzazi Akitaka Mtoto Tena

Mwanamume aliyefunga uzazi haachi kutengeneza mbegu. Korodani huendelea na kazi kama zamani. Kilichokatwa ni mirija miwili ya kupitishia, na mbegu zisizo na pa kutokea hufa na kufyonzwa na mwili. Kwa hiyo aliyefunga, kisha akafiwa na mtoto au akaoa upya, bado ana njia ya kurudi.

Ya kwanza ni kuiunga mirija. Kufunga huchukua nusu saa au pungufu, kuunga huchukua saa kadhaa chini ya hadubini, kwani tundu la ndani ya mrija halifiki nusu milimita na uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele. Sherman Silber wa St. Louis, Marekani, ni mmoja wa madaktari walioanza kutumia hadubini kwa upasuaji huu miaka ya 1970.

Hupona wangapi? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, uliofuatilia wanaume 1,469, ulitazama miaka iliyopita tangu kufunga. Kwa waliofunga chini ya miaka 3, mbegu zilionekana tena kwa asilimia 97, na wake wa asilimia 76 walipata mimba. Kwa waliopitisha miaka 15 au zaidi, mbegu zilirudi kwa asilimia 71, lakini mimba zikabaki asilimia 30. Mbegu kurudi ni jambo moja, mtoto ni jingine. Shinikizo la miaka mingi huweza kupasua vijifereji vya nyuma ya korodani na kuziba njia mahali pengine. Kinga ya mwili nayo huweza kuzishambulia mbegu.

Njia ya pili haigusi mirija kabisa. Daktari huvuta mbegu kwa sindano kutoka korodani, kisha moja hudungwa ndani ya yai maabarani. Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba za kwanza za mbegu kudungwa ndani ya yai mwaka 1992. Hapo mzigo huhama: aliyefunga ni mume, lakini anayechomwa sindano za homoni siku baada ya siku na kuvunwa mayai ni mke. Gharama hulipwa upya kila wanapojaribu.

Wengi huhesabu miaka ya mume na kuusahau umri wa mke, nao ndio wenye uzito zaidi. Mke wa miaka 28 anayetaka watoto wawili ana nafasi ya kusubiri mirija ipone, hata mwaka mzima. Mwenye miaka 40 hana mwaka wa kusubiri, maana mayai yake hupungua idadi na ubora, na maabara haiwezi kuyarudishia ujana. Hivyo ni busara mke apimwe kabla mume hajapanda kitanda cha upasuaji.

Mirija ikiungana vizuri na mtoto akapatikana, wenzi wasiotaka mwingine watalazimika kurudi kliniki ya uzazi wa mpango.