Kidonda Kimepona, Ubongo Bado

Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea. Malori hupita usiku na mchana, bodaboda wakipenya katikati yao. Kijana akianguka bila helmeti akagonga kichwa, ndugu huomba apone tu. Kidonda kikifunga na akatembea, hutarajiwa kurudi kijiweni. Hapo ndipo tunapokosea. Aliyejua nauli ya kila mtaa sasa husahau alikotumwa kabla hajafika. Kelele za stendi humtesa, saa nne asubuhi amechoka, na neno dogo la mkewe humlipua.

Hiyo si tabia mbaya. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo husimamia subira, mipango na hasira. Mwaka 1848 huko Marekani, mtaimbo ulipenya kichwa cha mjenzi wa reli, Phineas Gage. Alinusurika, akatembea na kusema, lakini rafiki zake walisema si yule waliyemjua. Ajali siyo chanzo pekee: kiharusi, homa ya uti wa mgongo na malaria kali huumiza ubongo pia. Katika nyanda hizi za wafuga nguruwe yupo pia tegu wa nguruwe. Mayai yake, yakimezwa kwa chakula au mikono yenye uchafu wa choo, huzaa lava wanaoweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa.

Wapo wanaosema mgonjwa anajisingizia, kwani jana alichambua viazi vizuri. Lakini ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Aliyeweza jana kwa nguvu zake zote, leo hana akiba. Wengine husema karogwa. Mabadiliko yaliyofuata pigo la kichwa yana sababu inayojulikana, na kumzungusha kwa waganga humchelewesha kupata tiba. Ni kweli wataalamu wa ubongo ni wachache na wako mbali, ila mengi huanzia nyumbani: apewe kazi moja kwa wakati, shughuli za siku ziandikwe ukutani, apumzike, asiguse pombe, wala asiendeshe pikipiki hadi daktari aruhusu. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto, hasa kwenye baridi ya Njombe ambako familia huota moto jikoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwona jirani amebadilika baada ya ajali au kiharusi, usimwite mvivu wala mkorofi. Mrudishe hospitali, mweleze daktari yaliyobadilika, na umvumilie.