Presha Si Sababu ya Kumkalisha Mzee

Mzee akishaambiwa ana presha, nyumbani hunyang'anywa kila kazi. Ndoo anabeba mjukuu, jembe linafichwa, naye anaambiwa apumzike. Ni upendo, lakini unamdhuru: misuli isiyotumika hunywea, miguu hulegea, na presha haishuki kwa kukaa.

Woga wa kumwachia mwenye presha kazi nzito una msingi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaingizia watunisha misuli mrija mwembamba ndani ya ateri, kisha wakawapa uzito wa kusukuma kwa miguu. Presha ilifika wastani wa 320 kwa 250. Mmoja alipita 480 kwa 350. Inatisha, lakini uzito ule ulikuwa karibu na kikomo cha uwezo wao, na walisukuma hadi nguvu zikawaishia, huku wamebana pumzi. Pumzi ikibanwa, shinikizo hujaa kifuani na kuhamia kwenye damu. Walipotua mzigo, presha ilishuka ndani ya sekunde chache.

Cha kuangalia ni presha ya siku zote, baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Uchambuzi wa majaribio 270 uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la British Journal of Sports Medicine ulikuta kuwa kunyanyua uzito hushusha kipimo cha juu kwa wastani wa 4.55, karibu sawa kabisa na mazoezi kama kutembea na kukimbia, yaliyopata 4.49. Yaliyoongoza ni ya kukaza misuli bila kusogea, kama kuegemea ukuta ukiwa umekunja magoti: 8.24.

Wala umri si kizuizi. Huko Boston, mwaka 1990, wazee dhaifu wa miaka 90 hivi walifanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Nyumbani kiti imara kinatosha. Egemeza kiti ukutani, keti, inuka ukitoa pumzi kwa mdomo, kisha keti taratibu ukiivuta. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Siku 2 au 3 kwa wiki, ukipitisha siku katikati. Usibane pumzi kamwe.

Muone daktari kabla ya kuanza. Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, acha zoezi, nenda hospitali. Na dawa usiziache, hata presha ikishuka, mpaka daktari mwenyewe aseme.